Shajara ya mradi: lebo za onyo kwenye ndege ndogo, Malindi

Agizo

Agizo la lazima la usalama tulilopokea kuhusu lebo za ndege halijazi kurasa mbili. Katika banda letu la ndege linaigusa ndege moja tu, ile nyepesi ya viti viwili yenye parachuti ya roketi nyuma ya viti. Linasema: angalieni kama lebo za kuonya juu ya roketi zipo nje ya bodi, zinasomeka, na zimekaa mahali pake. Kama hazipo, ndege isiruke mpaka zibandikwe. Mkimaliza, andikeni kwenye daftari la ndege. Hakuna bolti ya kufungua wala injini ya kushusha, na ndiyo maana mwenye ndege alipopigiwa simu alicheka kwanza kabla ya kukasirika. "Yaani ndege yangu mmeifunga kamba kwa ajili ya stika?"

Kwa ajili ya stika, ndiyo, bwana. Ndege haipewi cheti kwa injini na mabawa peke yake. Inapewa kwa umbo lote lililoidhinishwa na nchi iliyoisanifu, na lebo zilizotajwa kwenye kitabu chake zimo ndani ya umbo hilo sawasawa na pangaboi. Nchi ya usanifu ikiona kasoro hutoa agizo la lazima. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaitaka iwapelekee habari wenzake walioandikisha ndege za aina hiyo, na kila nchi ichukue hatua kwa ndege zake. Kwetu mwenye jukumu hilo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na ndege yoyote yenye 5Y ubavuni, alama ya usajili ya Kenya, haina pa kujificha.

Injinia wetu, ambaye ndiye mwenye leseni na ndiye atakayetia sahihi, amesema maadamu tunaichungulia moja, tuzichungulie zote za bandani, na lebo zote, si za roketi pekee. Wenye ndege wengine wamekubali, mmoja kwa shingo upande. Mimi nimepewa kuandika na kupiga picha. Namba za usajili na majina ya watu sitayaweka humu.

Kitabu kabla ya ndege

Rubani anayetusaidia alitaka tuanze kwa kuzunguka bandani na tochi. Injinia akakataa. Lebo iliyopo utaiona kwa tochi, lakini isiyokuwepo utaionaje? Kwa hiyo tumeanza mezani.

Kitabu cha rubani cha ndege ndogo nyingi za Marekani zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970 kimepangwa kwa mtindo mmoja: sehemu ya pili ni ya mipaka, na humo ndimo lebo zinamoorodheshwa neno kwa neno, pamoja na mahali pa kuziweka. Tumetengeneza jedwali kwa kila ndege: maneno ya lebo, mahali, ukurasa, na safu moja niliyoiongeza mimi, "msomaji ni nani". Injinia aliitazama safu hiyo akaguna, lakini hakuifuta.

Makaratasi yamekula muda. Kila kifaa kilichoongezwa baadaye, iwe redio mpya au rubani-mashine, kimekuja na nyongeza yake ya kitabu, na nyongeza imekuja na lebo zake. Ndege mbili za jina moja na umri unaokaribiana zinaweza kudaiwa lebo tofauti kwa sababu namba zake za kiwandani zimeangukia pande mbili za mstari.

Lililonichekesha ni Caravan, ndege ya Cessna ya injini moja, iliyolazwa kwetu kwa matengenezo mengine. Baada ya ajali kadhaa za ndege hizo kwenye nchi za baridi, mwaka 2006 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ziwekewe ilani mbele ya rubani kuhusu kuruka penye barafu. Hapa Malindi barafu tunaijua kwenye soda na kwenye sanduku la samaki. Lakini lebo inadaiwa na ndege, haidaiwi na hali ya hewa ya mahali ilipolala, kwa hiyo tumeikagua kama nyingine. Ipo, na inasomeka kuliko zote, kwa vile imekaa ndani kivulini.

Ndege iliyopakwa rangi

Hii ndiyo iliyotoa matokeo mengi kuliko zote, na kwa nje ndiyo nzuri kuliko zote. Mabawa juu, injini moja ya pistoni, imerudi kutoka kupakwa rangi si zamani. Nyeupe inayong'aa, na mstari wa samawati wa bahari. Mwenyewe anajivunia, na ana haki.

Shida ni kwamba mpaka rangi huondoa kila kitu kabla ya kupiga msasa. Lebo za nje hung'olewa, na hazing'oki nzima. Baada ya rangi mtu anatakiwa arudi na kitabu azibandike upya moja moja, na hapo ndipo kazi hukatika: mpaka rangi anaona kazi yake imeisha, fundi anaona si yeye aliyezing'oa, na mwenye ndege anaona ndege inametameta.

Bawa la kushoto lina lebo ya mafuta pembeni ya kifuniko cha tangi. La kulia halina. Mkiani palipotakiwa kuandikwa pasisukumwe hapana neno, na tayari pana kijibonyeo cha kiganja cha mtu aliyeisukuma ndege kurudi bandani. Mlango wa mizigo hauna kikomo cha uzito. Lililomfanya injinia avue miwani ni ubavuni mbele ya mlango: tundu la kupimia hewa tulivu, lile linalolisha saa ya kimo na saa ya mwendo, limezungukwa na rangi mpya bila lebo ya kusema lisizibwe.

Tundu lenyewe li wazi, tumelipima. Ila kila anayeiosha ndege hii sasa anaona ukuta mweupe wenye kitobo, na mtu mwangalifu akiona kitobo hutafuta utepe wa kukifunika maji yasiingie. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima ikiwa na utepe uliosahaulika juu ya matundu hayohayo baada ya kuoshwa. Marubani hawakuwa na kimo cha kuamini wala mwendo wa kuamini. Iliangukia baharini na watu wote 70 waliokuwemo wakafa. Utepe ule ulikuwa na rangi ya fedha juu ya bodi ya rangi ya fedha. Naandika haya kwa urefu kwa sababu mwenye ndege ataisoma shajara hii, na kwenye simu aliniambia tunamharibia rangi.

Mafuta

Nimekaa na mzee anayejaza ndege mafuta. Alianza kazi hii kabla sijazaliwa, na safu yangu ya "msomaji ni nani" imejaa jina la kazi yake kuliko la rubani.

Kiwanja kidogo kama chetu kina mafuta ya aina mbili. Ndege za pistoni hutumia petroli ya ndege, Avgas 100LL, iliyotiwa rangi ya buluu. Caravan na ndugu zake wa injini za tabo, yaani zisizo na pistoni, hutumia Jet A-1, ambayo ni mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, meupe au ya manjano hafifu. Lebo za petroli zina wekundu, za Jet ni nyeusi. Ukikosea kwa kutia petroli kwenye injini ya PT6A ya Caravan, kitabu chake kinairuhusu kwa muda mdogo wa dharura. Ukikosea upande wa pili hakuna rehema. Pistoni iliyopewa Jet haigomi pale pale. Inawaka kwa petroli iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta, inatembea mpaka kwenye njia ya kurukia, inapimwa nguvu, inaruka vizuri. Jet inafika kwenye silinda ndege ikiwa juu ya minazi, inaanza kulipuka badala ya kuungua, na injini inakufa pasipo pa kutua.

Rubani wa maonyesho wa Marekani, Bob Hoover, yalimkuta haya California. Ndege yake ilikuwa Shrike Commander ya pistoni, nayo ina pacha wa tabo wanaofanana sana kwa umbo. Kijana wa mafuta aliiona akaijaza Jet. Hoover aliishusha bondeni, abiria wake wakatoka hai. Aliporudi kiwanjani alimtafuta yule kijana, akamwambia kesho yake aje aijaze ndege yake nyingine, yeye na si mwingine, kwa kuwa kosa hilo hatalirudia tena. Baadaye jina la Hoover likapewa mdomo wa mpira wa Jet uliopanuliwa ili usiingie kwenye tundu la petroli.

Vipimo vya kinga hiyo ni hivi: tundu la tangi la petroli lisizidi milimita 60 kwa upana, la ndege ya tabo lisipungue 75, na mdomo wa Jet uwe mpana kuliko 60. Kwa hesabu hiyo Jet haiwezi kuingia kusikotakiwa. Nikamwambia mzee, akanitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize.

"Na faneli je, mwanangu?"

Faneli. Kwenye viwanja vya visiwani na kwenye njia za udongo za huku bara mafuta huja kwa pipa, huvutwa kwa pampu ya mkono, hupita kwenye kitambaa cha kuchujia na faneli. Faneli haina milimita 60 wala 75. Inaingia popote na inapokea chochote. Milango yote ya busara iliyowekwa na wahandisi inapitwa kwa kipande cha plastiki cha sokoni, na kinachobaki kati ya pipa na injini ni maneno yaliyoandikwa pembeni ya kifuniko. Yale yaliyopakwa rangi juu yake.

Akanionyesha kipimo chake. Tone la petroli juu ya karatasi nyeupe hukauka lisiache kitu, tone la Jet huacha duara la mafuta. Anafanya hivyo kila pipa, hata lililofungwa kwa lakiri. Rangi ya buluu haiamini peke yake, kwani mchanganyiko wa aina mbili bado huonekana na ubuluu.

Nikamuuliza kama amewahi kuona lebo inayopotosha. Akanipeleka kwenye ndege moja ya pistoni iliyokuwa imepaki nje, mgeni wa siku hiyo. Ubavuni mwa injini imeandikwa kwa fahari kwamba ni tabo. Injini hizi zina chaja ya tabo kama gari la dizeli, lakini bado ni za petroli. Huko Marekani maneno hayohayo yaliwapotosha wajazaji mpaka watengenezaji wakashauriwa kuyaondoa karibu na matangi. Kwa kijana aliyezoea Caravan, tabo maana yake ni Jet. Mapambo yale yamewekwa na mwenye mali kwa ajili ya kujisifu, na hayamo kwenye kitabu chochote. Nimeongeza safu nyingine kwenye jedwali: lebo zisizotakiwa kuwepo.

Jua

Fundi wa stika mjini, anayewafanyia madereva wa tuktuk maneno ya kioo cha nyuma, ametusaidia zaidi ya maduka yote ya vifaa vya ndege tuliyoyaandikia. Nilimpelekea lebo tulizozibandua zikiwa zimechoka, nikamuuliza zimekufa kwa nini. Hakuhitaji maelezo.

"Wekundu hukimbia kwanza, ami. Hata kwenye tuktuk. Mekundu na manjano huondoka, meusi hubaki."

Amesema kweli, na inaudhi. Rangi ya hatari ndiyo isiyovumilia jua. Kwenye lebo tatu nilizompelekea maneno meusi yamebaki barabara, na uwanja mwekundu umegeuka waridi hafifu kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Mtu akitazama kwa mbali haoni onyo, anaona kikaratasi. Sheria ya zamani ya FAA kuhusu ndege ndogo, kifungu cha 23.1541, ilitaka lebo iwe mahali pa kuonekana na isiwe ya kufutika, kuharibika au kufichika kwa urahisi. Aliyeiandika hakuwa anawaza ndege inayolala nje Malindi mwezi wa Februari.

Jua si peke yake. Chumvi inaingia kwenye kingo za vinaili na kuinua pembe. Wakati wa kusi mvua inamalizia. Na binadamu anasaidia: nimekuta chupa ya kiyeyushi cha rangi (thina) inayotumiwa kufutia wadudu kwenye mabawa, na dawa ile inafuta herufi kwa kasi ile ile inayofutia wadudu.

Kwa lebo za maneno matupu, kama kikomo cha mizigo, tumekubaliana na injinia tuzitumie za alumini zilizochongwa herufi, zifungwe kwa ribiti palepale kitabu kinaporuhusu. Za rangi zimeagizwa kwa mtengenezaji, zikiwa na tabaka la juu la kukinga jua. Fundi wa stika aliomba apewe nafasi ya kuzitengeneza mwenyewe, na kwa sura tu zake zingekuwa nzuri zaidi. Injinia amemkatalia kwa heshima: kwa lebo ya roketi, anayesema hii ni sahihi ni karatasi ya mtengenezaji. Amempa kazi ya mabango ya ukutani bandani, na bei wameelewana.

Wazimamoto na roketi

Siku hii nilitamani wenye ndege wote wangekuwepo.

Parachuti ya ndege nzima ni kitu cha kustaajabisha. Boris Popov wa Minnesota alianguka na tiara ya kurukia mwaka 1975, akanusurika, na mwaka 1980 akaanzisha kampuni ya BRS ya kutengeneza miavuli ya kushusha ndege pamoja na mtu wake. Cirrus, watengenezaji wa ndege ndogo wa Marekani, wakaiingiza kwenye ndege zao za kawaida, na tarehe 3 Oktoba 2002 rubani mmoja huko Texas akawa wa kwanza kuivuta kwenye Cirrus ikamwokoa. Rubani anavuta mpini, roketi inatoboa bodi, inauvuta mwavuli nje kwa nguvu ili ufunguke kabla ya ardhi kufika.

Sasa ndege imeanguka na mpini haukuvutwa. Rubani amezimia ndani. Roketi bado ina baruti yake, waya wa kufyatulia umepinda na kukazwa na bodi iliyokunjika, na anakuja mtu mwema na shoka.

Ndiyo maana ya lebo ile. Kitabu kinampa rubani maonyo ya roketi kurasa nzima. Wazimamoto hawana kitabu. Wanacho kile kilichobandikwa nje, na wana sekunde chache za kukisoma.

Tuliwaalika kikosi bandani tukawaonyesha ndege yetu kama ilivyokuwa: upande wa kulia lebo ilikuwa imebaki nusu, upande wa kushoto haikuwepo. Injinia hakuwaambia roketi iko wapi. Akamwuliza mkuu wao angekata wapi kumtoa mtu. Akaonyesha nyuma ya kioo, juu, pale pembamba. Ni mahali hasa roketi inapotokea. Hakuna aliyemcheka. Kwa mtu asiyeambiwa, hapo ndipo pa kukata.

Baada ya hapo mazungumzo yalifunguka. Walitaka kujua waya unapita wapi (haukatwi, wala mpini hauguswi). Walitaka kujua wasimame wapi (kamwe si upande wa kutokea roketi). Walitaka kujua nani anaizima. Jibu la hili la mwisho ni mtu aliyefunzwa na mtengenezaji, na hayupo Malindi. Mmoja wao, mwenyeji wa Ngomeni, akasema kwao roketi hawazishangai: kule ndiko Waitaliano walikorusha setelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco baharini. "Lakini ile ilikuwa na uzio," akaongeza.

Walitufundisha na sisi. Ndege kubwa ikiwa imechorwa alama za mahali pa kuvunjia bodi, Kiambatisho cha 6 cha ule Mkataba wa Chicago kinataka ziwe nyekundu au njano, na alama za pembeni zikiachana zaidi ya meta mbili ziongezwe mistari ya sentimita 9 kwa 3 katikati. Wao huzitafuta hizo kwanza. Kwenye ndege ndogo hazipo, wanakisia. Na wakifika moto umeshapita hutafuta kibati cha utambulisho karibu na mlango, ambacho Kiambatisho cha 7 kinataka kiwe cha chuma au kitu kingine kisichoungua. Kwenye ndege yetu moja kibati hicho tulikikuta chini ya zulia. Kimerudishwa.

Mabishano ya lugha

Rubani anataka lebo za Kiswahili kwenye ndege, hasa ya mafuta na ya roketi. Hoja yake ina uzito: Kanada hudai maandishi ya Kifaransa pamoja na Kiingereza, Brazil hudai Kireno, na anga halijaanguka. Injinia hapingi lugha, anapinga kugusa bodi bila idhini. Lebo ya ziada ikikaa vibaya inaificha ya lazima, na atakayeulizwa ni aliyetia sahihi.

Mimi naegemea kwa injinia kuhusu bodi na kwa rubani kuhusu watu. Tumeafikiana hivi: ndege ibaki na lebo za kitabu chake, na Kiswahili kikae kwenye bango kubwa ukutani pa mafuta, na kwenye kadi za kikosi cha zimamoto zenye picha ya kila ndege ya kiwanja na alama ya pasipokatwa. Kuomba idhini ya KCAA kwa lebo za lugha mbili ni barua nyingine, na rubani amejitolea kuiandika. Mzee wa mafuta alipoulizwa alisema yeye hutazama rangi kwanza, maneno baadaye. Jambo hilo linatosha kuipa lebo mpya nyekundu kipaumbele mbele ya lugha yoyote.

Lebo zimefika

Bahasha ya mtengenezaji ilikuwa nyembamba kuliko risiti ya usafirishaji wake. Kubandika kumechukua asubuhi kwa sababu ya matayarisho: kuosha, kufuta kwa spiriti, kusubiri bodi ipoe kivulini (gundi haishiki vizuri kwenye bodi yenye moto), kupima kutoka kwenye kona ya kioo kwa vipimo vya mchoro, kisha kukandamiza kutoka katikati kwenda kingoni hewa isibaki. Injinia alirudi nyuma mpaka mlangoni, akainama kama mtu mwenye shoka, akasoma kwa sauti. Kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Daftarini ameandika namba ya agizo, tarehe, saa za ndege, kilichokutwa, kilichofanywa, na namba za lebo. Sahihi na namba ya leseni. Mwenye ndege ameruka nayo jioni hiyo hiyo. Hakusema kitu kuhusu stika, ila aliuliza kama wazimamoto wanaweza kupewa picha ya ndege yake ya pili, ambayo iko Nairobi.

Hali ilivyo

Ndege iliyopakwa rangi imepata lebo za mafuta mabawa yote mawili, ya mkiani, na ya tundu la hewa. Ya mizigo bado, kwa kuwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu haulingani na uliopimwa baada ya rangi, na hilo limekuwa suala la mizani, si la lebo tena. Mpaka mizani ipatikane hairuki na abiria. Mwenyewe amekubali, kwa sauti ya mtu ambaye bado anaisikia ile namba 70.

Neno la tabo kwenye ndege ya mgeni halikuwa letu kuling'oa. Tumemwandikia rubani wake, tumeambatanisha picha, na mzee ameweka alama kwenye daftari lake la mafuta ili ikirudi aijaze yeye mwenyewe. Chupa ya kiyeyushi cha rangi imeondolewa bandani, pamewekwa sabuni na ndoo.

Vipande vya vinaili vya fundi wa stika tumevibandika juu ya kontena, vyenye tabaka la kinga na visivyo nalo, vipigwe na kaskazi nzima kabla hatujaamua mabango ya nje yawe ya aina gani.

Inayofuata ni Manda. Wenye ndege wawili wa Lamu wameomba tuwafanyie ukaguzi huu huu. Makaratasi yao tunayaomba mapema ili jedwali liwe tayari kabla ya kupanda boti, na injinia ameagiza kwamba tukifika, kabla ya kugusa ndege yoyote, tuombe kuonyeshwa mapipa na faneli zote.